Kijiti cha Sumaku

Tartu, Januari. Mto Emajõgi umelala chini ya barafu,
nami niko ghorofa ya tatu, uso wangu umegeuka buluu
kwa mwanga wa taa zinazoizunguka chupa.

Chupa nimeisafisha kwa agoni mara tatu,
isipenye hata pumzi moja ya hewa.
Mle ndani namtafuta mmoja tu:
kaboni aliyepokonywa mwenzake,
mwenye elektroni moja mkononi, kapera
asiye na subira, asiyejua kubisha hodi.
Radikali. Maisha yake ni mafupi
kuliko silabi ya kwanza ya jina lake.

Wahenga wamesema kidole kimoja hakivunji chawa.
Hawakukutana na elektroni iliyobaki peke yake.
Hiyo huvunja mlango, huvunja nyumba,
humrukia wa kwanza anayepita karibu,
na kazi yangu, miaka minne sasa,
ni kupanga nani awe karibu.

Profesa Ilmar Kuusik alitaka iwe bila metali.
"Metali ni ghali," husema akifuta miwani kwa tai,
"na dawa yenye metali hainyweki."
Basi rangi ya manjano tu, na mwanga, na kungoja.
Asilimia tatu. Asilimia sita. Lami.
Sifuri, Jumatatu ya Pasaka.
Lami tena, nyeusi, imeng'ang'ania chupa
kama deni.

Halafu usiku mmoja wa Novemba: sabini na moja.
Nikapima tena. Sabini na moja.
Kwenye karatasi iliyotoka kwa ile sumaku kubwa
vilele vilisimama vyembamba, safi,
kama meno ya kitana kipya.
Nilicheza peke yangu kati ya makabati ya mvuke,
koti la maabara likinipiga magotini.
Ilmar akanunua keki. Tukaanza kuandika makala.

Desemba nikasema, ngoja nirudie vizuri.
Nikafungua pakiti ya vijiti vipya vya kukorogea,
vyeupe pe,
na chupa ikanitazama wiki tatu bila kutoa kitu.
Rangi ileile. Taa ileile. Mkono uleule.

Jana ndipo nilipokigeuza kijiti cha zamani kwenye mwanga:
urefu wa ukucha, tefloni, na ubavuni
mstari wa kijivu, wino uliokataa kufutika.
Droo nilikokiokota bado ina utepe wenye jina.
Vaike.

Vaike aliyesimama kwenye kabati hili kabla yangu,
aliyechemsha nikeli miaka mitatu asipate hata makala moja,
akaondoka na sanduku la vitabu na mmea wa dirishani,
na hapa wakasema hakuwa na mkono wa kemia.

Kumbe nikeli yake ilijificha kwenye mkwaruzo,
vumbi lisilopimika kwa mizani yetu,
ikafanya kazi ya mshenga:
ikaenda huku, ikarudi kule, ikazifunga kaboni mbili,
ikatoka bila kugusa mahari,
ikaenda nyumba nyingine.
Na asubuhi ya harusi hakuna aliyeuliza
nani aliyeipeleka barua ya posa.

Kijiti cha zamani, masaa kumi na sita.
Nazima taa. Napima.
Sabini.

Namba yake ninayo. Anaoka mikate Pärnu,
huamka saa tisa usiku, kwa hiyo sasa, saa kumi,
sihofii kumwamsha. Simu inaita.
Nyuma ya sauti yake mashine ya unga inakoroga.

"Vaike, vijiti vyako ulikuwa unavioshea nini?"

Kimya. Kisha kicheko kidogo, cha mtu
aliyeisubiri lawama hii miaka mingi.
"Nisamehe," anasema. "Nilidhani vimetakata."

Sijui nianzie wapi. Kwenye skrini makala iko wazi,
kichwani bado pana maneno mawili: bila metali.
Kidole changu kiko juu ya kitufe cha kufuta.
"Usiombe radhi," namwambia. "Nitajie jina lako kamili.
Polepole. Mashine inaizidi sauti yako."